Gari limeshushwa na likikanyagwa mafuta linatetemeka: mtafute mchawi kabla ya kununua spea

"Fundi, nikienda mdogo mdogo iko poa. Nikikanyaga tu, chini inatetemeka." Maneno hayo huja na Altezza, Mark X, Verossa au Impreza iliyoshushwa, na mara nyingi huja pamoja na spea ambayo mwenye gari ameshainunua. Ameambiwa propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma), kanunua propela ya mtumba. Ameambiwa mauntingi (mipira inayobeba injini), kabadilisha mauntingi. Mtetemo uko palepale na pesa imekwisha.

Kwa mwongozo huu unahitaji jeki, stendi mbili imara, tochi, futi ya chuma, chaki, simu, na mtu wa kukaa pembeni yako barabarani. Kazi yote inamalizika kwa siku moja ukianza mapema. Kununua chochote kuje baada ya hapo.

Kushusha kunabadilisha nini hasa

Ukishusha gari, mwili unashuka na magurudumu yanabaki yalipo. Sasa angalia difu (chombo kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili) limefungwa wapi. Kwenye Altezza, Mark X, Verossa na Impreza, difu limefungwa kwenye fremu iliyo chini ya mwili, kwa hiyo linashuka na mwili, sawa na giaboksi. Propela iko kati ya hivyo viwili. Vyote vimeshuka pamoja, na pembe ya propela imebaki karibu ileile ya kiwandani. Anayekuambia "umeshusha, propela imekaa vibaya" kwa gari la namna hiyo hajaingia chini yake.

Kilichobadilika ni shafti mbili fupi zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumu. Zile zina sivi jointi (maungio yanayopinda huku yakizunguka) kila upande, na kila unaposhusha gari, upande wa gurudumu unapanda ukilinganisha na difu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: gari la kusukuma nyuma ukilikanyaga linakalia matako. Nyuma inashuka zaidi, pembe ya shafti inaongezeka, na ni wakati huohuo nguvu ya injini inapita hapo kwa wingi. Ndiyo maana ukiwa mwendo wa kawaida huhisi kitu, ila ukikanyaga linaanza.

Gari lenye aksili nzima nyuma ni habari nyingine. Corolla za zamani kama KE70, na pikapu nyingi, difu lake limeungana na magurudumu. Ukishusha, giaboksi inashuka lakini difu halishuki, na hapo propela inabadilika pembe kweli. Kama gari lako ni la aina hiyo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya propela.

Kwa gari la kuvuta mbele, mara nyingi kiwandani gurudumu liko chini kidogo ya mahali shafti inapotokea. Ukishusha kiasi, shafti inanyooka na inaweza hata kuwa nafuu. Ukishusha kupita kiasi, inageukia upande wa pili.

Hatua ya kwanza: barabarani

Kabla hujatoka, kaza nati za magurudumu na upime upepo. Usicheke. Nati iliyolegea inatoa mtetemo, kisha inatoa gurudumu.

Hapa Tanga, usijaribu gari kwenye barabara za namba za Ngamiani. Watu wengi, bodaboda wengi, na hutafikisha mwendo unaotakiwa. Toka kwa njia ya Segera, ukishapita Pongwe uelekee Muheza, au njia ya Horohoro ukishaiacha Amboni. Nenda alfajiri kukiwa kumepambazuka, kabla malori ya saruji hayajaanza kujaa. Kwenye makazi mwendo ni 50, na tochi za trafiki hazina mchezo, kwa hiyo majaribio ya mwendo wa 80 yafanyie mahali palipo wazi, pasipo na matuta, na nyuma yako pasiwe na mtu.

Jaribio la kwanza hufanyika gari likiwa limesimama. Weka nyutro, vuta hendibreki, pandisha RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) polepole hadi 3000. Likitetemeka hapo, shafti na magurudumu yote hayana hatia, kwa sababu hayazunguki. Tafuta kwenye injini: plagi, koili, mauntingi, eksozi inayogusa mwili.

Likitulia, ingia barabarani. Fika mwendo ambao mtetemo huwa unakuja, tuseme 80. Kanyaga kwa kiasi hadi uusikie vizuri. Kisha achia mafuta kabisa, mguu juu. Umeisha? Kanyaga tena. Umerudi? Hapo una mtetemo wa mzigo, yaani unatokea nguvu inapopita. Sasa fanya la tatu: ukiwa kwenye mwendo uleule weka nyutro kwa sekunde chache tu, injini ikiwa inawaka. Usizime injini hata mara moja, maana breki itakuwa ngumu na usukani utakuwa mzito. Mtetemo ukiendelea hata kwenye nyutro, fuata magurudumu, rimu, habu, na pia propela isiyo na balansi, kwa sababu hivyo vyote vinazunguka hata bila nguvu ya injini.

Jaribio la nne ni la gia. Pita mwendo uleule wa 80 kwa gia mbili tofauti, kwa mfano ya tatu na ya nne. Ukiona mtetemo unafuata mshale wa RPM, tatizo liko injini, klachi au flaiwili. Ukibaki 80 ileile hata RPM ikibadilika, tatizo liko nyuma ya giaboksi.

Kwa gari la otomatiki kuna mtego. Ukiwa kati ya 60 na 90, mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, gari linaweza kutetemeka kana kwamba unapita juu ya vijituta vidogo vya barabarani. Watu hulaumu shafti. Wakati linatetemeka, gusa pedeli ya breki kwa mguu wa kushoto, gusa tu mpaka taa ya breki iwake, huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Mtetemo ukikatika ghafla, kisa ni kufuli la ndani ya toki konveta (chombo kinachounganisha injini na giaboksi ya otomatiki), ambalo kompyuta hulifungua ikisikia breki. Hapo kinachohitajika ni oili ya giaboksi ya aina iliyotajwa na kiwanda, na pengine giaboksi yenyewe kuangaliwa. Kushusha gari hakuhusiki.

Jaribio la tano ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa gari la kusukuma nyuma lililoshushwa, kwa sababu halina gharama. Rudia jaribio la kukanyaga ukiwa na watu wazima wawili kiti cha nyuma. Uzito wao unashusha nyuma zaidi. Mtetemo ukiongezeka waziwazi, au ukianza kwenye mwendo wa chini kuliko mwanzo, umeshapata anwani: shafti fupi na pembe zake. Kama gari lako lina koilova (springi na shokapu zinazorekebishwa urefu), fanya na kinyume chake: ipandishe nyuma sentimita mbili au tatu, urudi barabara ileile. Ukipungua, hakuna tena cha kubishana.

Andika matokeo kwenye karatasi. Mtetemo mwingine, kama mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo. Bila kuandika, kesho utabishana na kumbukumbu yako mwenyewe.

Hatua ya pili: hesabu kidogo

Hii si lazima, ila inakata maneno. Kila kitu kinachozunguka kina kasi yake, na kasi hiyo unaweza kuipata kwa penseli.

Chukua tairi la 225/45R17. Mzunguko wake ni karibu mita 2. Ukiwa 80, gari linakwenda mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 11 kwa sekunde. Tairi au rimu mbovu itakutikisa mara 11: mtikiso mpana, unaouona kwenye usukani au kuusikia kwenye kiti.

Jointi ya ndani ya shafti fupi, kwenye magari mengi, ina vichwa vitatu vyenye roli. Ikiwa na pembe kubwa au imelika, inasukuma gari kulia na kushoto mara tatu kwa kila mzunguko. 11 mara 3 ni 33. Huu ni mtetemo wa katikati, unausikia kwenye sakafu na kiti, na huja ukikanyaga.

Propela inazunguka haraka zaidi. Tukichukua difu la 4.1, mara 11 za gurudumu zinakuwa karibu mara 46 za propela. Ikikosa balansi utasikia mvumo wa 46. Krosi (ungio la mwisho wa propela) yenye pembe mbaya inasukuma mara mbili kwa mzunguko, yaani karibu mara 91, na hiyo ni sauti ya kuvuma zaidi ya mtikiso.

Zipo programu za simu za kupima mtetemo. Ibane simu vizuri sakafuni, na aisome abiria, si dereva. Ikikupa 11, 33 au 46 umeshapata njia. Sensa ya simu nyingi husoma mara 100 hivi kwa sekunde, kwa hiyo chochote kinachozidi 50 usikiamini.

Hatua ya tatu: anza na vya bure

Gari likiwa juu ya shimo la gereji, anza na eksozi. Kwa gari lililoshushwa hii ndiyo inayodanganya watu kupita kitu kingine chochote. Eksozi imegonga matuta, hanga za mpira zimevutika, bomba limesogea. Ukikanyaga, injini inajipinda kwenye mauntingi, bomba linagusa fremu au bati la kukinga joto, na gari zima linavuma. Tafuta alama inayong'aa: bati lililosuguliwa halina kutu hapo, na hapa kwetu kwenye upepo wa chumvi chuma chochote kisichosuguliwa kinashika kutu, kwa hiyo alama hiyo inajionyesha yenyewe. Mwambie mtu avute hendibreki, akanyage breki kwa mguu wa kushoto, aingize gia na kuongeza mafuta kidogo kwa mguu wa kulia, wewe ukitazama kutoka pembeni. Usikae mbele wala nyuma ya gari, na usiwe ndani ya shimo wakati huo.

Kisha magurudumu. Wengi wakishusha gari hubadilisha na rimu. Tundu la kati la rimu za Toyota zenye nati tano kwenye duara la milimita 114.3 ni milimita 60.1, lakini rimu nyingi za dukani zina tundu la 73.1 ili ziingie magari mengi. Bila ringi ya kujaza nafasi hiyo, rimu inabebwa na nati peke yake na inaweza kukaa nje ya kati. Balansi nzuri haitakusaidia hapo. Angalia pia nati: rimu nyingi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye washa bapa, rimu nyingi za dukani hutaka nati yenye ncha ya pia. Ukichanganya, hazikai. Kaza kwa toki renchi, 103 Nm kwa nati za kawaida za Toyota, kwa mpangilio wa nyota.

Pitisha kiganja ndani ya tairi, upande usiouona. Gari lililoshushwa bila kupimwa alaimenti hula tairi ndani, na wakati mwingine linaacha mabonde mabonde. Hiyo inaleta kelele na mtikiso ambao haujali umekanyaga au hujakanyaga.

Hatua ya nne: shafti fupi

Hapa usiharakishe.

Jambo la kwanza: usipime pembe gari likining'inia kwenye jeki. Magurudumu yakining'inia, shafti zinaelekea chini sana kuliko zinavyokaa barabarani, na kila unachokiona ni uongo. Wapo wanaoinua gari kwenye stendi, wanaweka gia na kukanyaga ili "waone linavyotetemeka". Litatetemeka, hata likiwa jipya, na mtu anaweza kufa. Gari likae kwenye magurudumu yake, juu ya shimo au juu ya ngazi nne za mbao ngumu zilizo sawa, injini imezimwa.

Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya shafti karibu na difu. Pima tena karibu na gurudumu. Pata tofauti. Kisha pima urefu wa shafti kati ya sehemu hizo mbili. Ukigawa tofauti kwa urefu unapata mwinuko: milimita 40 kwa shafti ya 400 ni 0.1, sawa na digrii 5.7. Milimita 70 kwa shafti hiyohiyo ni karibu digrii 10. Programu ya kupima pembe kwenye simu inafaa pia, ukiiweka juu ya futi iliyolala kwenye shafti.

Linganisha kushoto na kulia, na kama unaweza, linganisha na gari la aina hiyo ambalo halijashushwa. Likiwa na digrii 3 nawe una 9, umeona mwenyewe. Waweke tena wale watu wawili nyuma, upime upya, maana hiyo ndiyo hali ya kukanyaga.

Sasa shika shafti kwa mikono miwili karibu na difu. Isukume juu na chini. Kutembea kidogo ndani na nje ni kawaida, ndivyo ilivyoundwa. Kutembea juu na chini si kawaida. Angalia buti (mpira unaofunika jointi): likichanika, grisi imeruka ukutani na mchanga umeingia, huna haja ya kupima zaidi. Jointi ya nje yenyewe hujitangaza kwa "taka-taka-taka" ukikata kona huku unakanyaga; ya ndani haina kelele hiyo, inatetemesha tu ukiwa umenyoosha.

Ikibidi kufungua ya ndani, futa grisi yote na upitishe ukucha ndani ya kikombe, kwenye njia tatu za roli. Kwenye jointi nzima ukucha unateleza moja kwa moja. Kwenye iliyolika ukucha unadumbukia, kisha unapanda kituta kidogo, kisha unadumbukia tena. Shimo lile lilichimbwa gari likiwa na urefu wa kiwandani. Umeshusha, roli zimehama, sasa zinatembea kwenye ukingo wa shimo la zamani. Ndiyo maana jointi iliyokuwa kimya kwa miaka inaanza fujo wiki ileile uliyoweka springi fupi, na mwenye gari anaapa kwamba ilikuwa nzima.

Hatua ya tano: bushi na mauntingi

Weka mti kati ya difu na fremu, ukandamize. Difu likiinuka kirahisi au mpira ukionyesha ufa mpana, bushi zimekwisha. Dalili yake barabarani ni "gu!" ukikanyaga na ukiachia, kisha mtetemo. Mauntingi ya injini yapime kwa macho: injini ikiruka sana kwenye lile jaribio la breki na mafuta, yamekufa. Kama umeweka bushi ngumu za polyurethane, kubali kwamba mtetemo mdogo utaingia ndani ya gari. Hiyo si hitilafu, ndiyo bei yake.

Hatua ya sita: propela

Magurudumu ya nyuma juu, stendi chini, kabari mbele, nyutro. Zungusha propela kwa mkono. Krosi ikikwama sehemu fulani au ikicheza, imekwisha. Beringi ya kati isicheze na mpira wake usiwe umechanika. Gari lenye diski za mpira badala ya krosi, kama BMW nyingi, tafuta nyufa kuzunguka bolti.

Kwa wenye aksili nzima, pima pembe tatu, gari likiwa kwenye magurudumu yake: giaboksi, propela, difu. Pembe ya kila krosi iwe kati ya nusu digrii na 3, na hizo mbili zisitofautiane zaidi ya digrii moja. Zikizidi, kwa gari lenye springi za bapa, kabari za chini ya springi ndizo zinazorekebisha.

Kabla ya kufungua propela yoyote, piga alama ya chaki au rangi kwenye flanji zote mbili na kwenye maungio. Ikirudi imegeuzwa, umejitengenezea mtetemo mpya ambao haukuwepo.

Kurekebisha

Kama ni pembe, dawa ni kupandisha gari. Najua hutaki kusikia. Sentimita mbili mara nyingi zinatosha, na hakuna atakayeziona pale Raskazone jioni isipokuwa wewe. Springi zilizokatwa kwa grainda zitupe. Haziwezi kurekebishwa na hukaa vibaya kwenye kiti chake. Jointi mpya kwenye pembe ileile mbaya itakaa kimya kwa muda, kisha itaanza tena, kwa hiyo rekebisha urefu kwanza ndipo ufunge jointi.

Ukinunua shafti ya mtumba, ifungue buti dukani na upitishe ukucha kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, ondoka. Grisi iwe ya sivi jointi, ile nyeusi yenye molibdeni, si ya beringi ya kawaida. Bolti zilizoshika kutu zinyunyizie dawa usiku wa kuamkia kazi, zisije zikakatika mkononi.

Urefu ukibadilika, alaimenti lazima. Baada ya hapo rudi barabara ileile, mwendo uleule, gia ileile, na wale watu wawili nyuma, ukiwa na ile karatasi uliyoandika mwanzo. Ukishatembea kilomita 100 hivi, kaza upya nati za magurudumu na ukague bolti zote za shafti ulizofungua.